Masika ya Tura na redio ya jirani: nani atakuambia mto umejaa?

Kuna redio fulani ambayo watu wa mjini huwa wanaicheka. Ni ile redio ndogo ya wilayani ambayo mtangazaji anasoma tangazo la ng'ombe wawili waliopotea, akimaliza anasoma tangazo la msiba, akimaliza hapo anasema mto fulani umejaa na wenye baiskeli wasubiri mpaka kesho. Halafu anapiga wimbo. Watu wanasema eti hiyo nayo ni redio? Mbona haina mbwembwe?

Leo nataka tuichambue hiyo redio taratibu, maana kwa mtu anayeishi Tura, kule mashariki mwa mkoa wa Tabora, habari ya mto kujaa ina uzito kuliko habari nyingi zinazosomwa saa 2 usiku kutoka Dar. Tuangalie kwa nini iko hivyo, inafanywaje, na nini kinaikwamisha.

TURA NI WAPI?

Kwa wale ambao hawajawahi kupita huko: Tura iko wilaya ya Uyui, kwenye reli ya kati. Ukitoka Dar kwa treni, ukishapita Manyoni na Itigi unaingia pori refu, halafu unafika Tura. Baada ya hapo kuna Malongwe, Nyahua, Goweko, Igalula, ndipo unaiona Tabora mjini. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Tura hadi mjini. Na makao makuu ya wilaya yako Isikizya, kaskazini mwa mji wa Tabora. Kwa hiyo mtu wa Tura mwenye shida ya wilayani ana safari ya maana mbele yake.

Zamani sehemu hii ilikuwa maarufu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikishamaliza Ugogo ilikutana na nyika kali iliyoitwa Mgunda Mkali, haina maji ya kutosha wala chakula, siku nyingi za kutembea. Upande wa pili wa nyika hiyo ndipo palikuwa Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi. Ukifika hapo unashusha mzigo na kupumua. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Burton alitumia zaidi ya miezi 4 kutoka pwani hadi Tabora. Stanley alitumia kama miezi 3.

Sasa fikiria habari zilisafirije wakati huo. Zilisafiri kwa miguu ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Msafara unaotoka bara ukikutana na unaotoka pwani, kitu cha kwanza ni kuulizana: maji yako wapi, chakula bei gani, vita viko wapi, nani kafa. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Habari ilifika Tabora Oktoba mwaka huohuo, ikiletwa na Chuma aliyetangulia mbele ya wenzake waliokuwa wanaubeba mwili. Miezi 5 na zaidi! Lakini angalia aina ya habari walizoulizana njiani: maji, njia, chakula, msiba. Hizo ndizo habari zilezile ambazo redio ndogo ya wilayani inazisoma leo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kituo cha treni kikawa ndiyo gazeti la watu wa njiani. Treni ikisimama, habari zinashuka pamoja na mizigo. Siku hizi kuna pia lami ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, na simu ziko mifukoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: redio ya nini tena?

Subiri mvua ianze.

MASIKA YANAFANYA NINI

Tabora haina mvua mbili kama pwani au Arusha. Kule kuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na wataalamu wanaziita mvua za msimu. Watu wa kawaida wanasema masika, basi. Miezi iliyobaki ni kiangazi, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba.

Kuwa na msimu mmoja maana yake una nafasi moja. Mtu wa mvua mbili akikosea vuli anajipanga kwa masika. Mtu wa Tura akikosea Novemba na Desemba, mwaka wake umeyumba. Na kosa kubwa kuliko yote ni la mvua ya mwanzo. Inapiga mvua moja nzuri mwanzoni mwa Novemba, watu wanafurahi, wanapanda mahindi. Mahindi yanaota. Halafu anga linakauka wiki 2 au 3. Miche inakufa yote. Inabidi kununua mbegu upya, na dukani bei imeshapanda kwa sababu kila mtu anatafuta mbegu wiki hiyohiyo.

Halafu kuna tumbaku. Tabora ndiyo mkoa wa tumbaku, na tumbaku inataka miche ihamishiwe shambani mvua ikishatulia. Ikija mvua ya mawe, majani yanatoboka na daraja la sokoni linashuka. Mkulima aliyekopa mbolea na pembejeo kupitia chama cha msingi bado anadaiwa pesa ileile.

Na njia. Lami ni nzuri, lakini lami ni mstari mmoja. Kutoka vijijini hadi kwenye lami kuna mabonde, mbuga za udongo mweusi na vijito ambavyo kiangazi unavuka bila hata kulowa kiatu. Masika kijito hichohicho kinabeba pikipiki. Mama mjamzito akitakiwa kwenda zahanati usiku, swali la kwanza ni kama bonde linapitika. Mtoto akitoka shule jioni mvua ikiwa imenyesha huko juu, yeye aliko kukavu, anaweza kukuta maji ambayo asubuhi hayakuwepo. Hapo ndipo watu wanapopotea, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyewaambia kilichotokea kilomita 10 upande wa juu.

Na treni nayo. Shida ya treni ya Tura si lazima itokee Tura. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Kilosa yaliiharibu reli ya kati vibaya, na safari za treni zikasimama kwa miezi. Kilosa iko mkoa wa Morogoro, mbali kabisa! Lakini aliyekaa stesheni Tura na mzigo wake wa asali akisubiri treni ndiye aliyeumia. Ndiyo maana habari ya masika inabidi itazame pande mbili: bonde la jirani, na reli iliyo mbali.

KWANI TAARIFA YA HALI YA HEWA YA TAIFA HAITOSHI?

Inasaidia, tena sana. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa mwelekeo wa mvua za msimu kabla ya Novemba, na kila siku inatoa utabiri. Hali ikiwa mbaya inatoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kazi nzuri. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo inakuja kwa ukubwa wa mikoa. Utasikia "magharibi mwa nchi, mikoa ya Kigoma, Katavi na Tabora". Utasikia "kanda ya kati, Dodoma na Singida". Sasa Tura iko pale mpakani karibu na Singida. Kikaratasi ni Tabora, lakini wingu halijui mipaka ya mkoa. Mtu wa Tura inabidi asikilize zote mbili halafu achanganye mwenyewe.

Halafu kuna lugha. Hapa naomba muwe makini, maana hata wasomi wanapotea. TMA ikisema mvua zitakuwa "za wastani", wewe unaelewa nini? Wengi wanaelewa "mvua ya kawaida, kama mwaka jana". Sivyo. Wastani hapo maana yake jumla ya mvua ya msimu itakuwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiwango cha miaka mingi. Chini ya 75 ndiyo "chini ya wastani", juu ya 125 ndiyo "juu ya wastani".

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme sehemu fulani kwa kawaida inapata milimita 800 kwa msimu. Asilimia 75 yake ni milimita 600. Asilimia 125 yake ni milimita 1,000. Kwa hiyo msimu wa milimita 600 ni "wastani", na msimu wa milimita 1,000 pia ni "wastani"! Kwa mkulima wa mpunga mbugani hiyo ni tofauti kubwa mno.

Na hiyo ni jumla tu. Jumla haikuambii mvua ilivyogawanyika. Milimita 800 zinaweza kuja taratibu kwa miezi 5, au nusu yake ikamwagika Januari na Februari kukawa kukavu. Ndiyo maana ndani ya ile taarifa ndefu ya TMA kuna sehemu inayotaja wiki ambayo mvua inatarajiwa kuanza, wiki ya kuisha, na uwezekano wa vipindi vya ukavu. Hizo ndizo sentensi zenye faida kwa mkulima, na ndizo zinazokatwa kwanza habari inapofupishwa iwe ya sekunde 30.

Redio ya jirani ndiyo yenye muda wa kuzisoma zote, polepole, na kumleta bwana shamba aseme: kwa udongo wetu wa huku, hiyo maana yake usipande mahindi kwa mvua ya kwanza, chimba kwanza uone unyevu umeshuka hadi wapi.

LAKINI FM HAIFIKI MBALI, UNAJUA KWA NINI?

Hili nalo tulielewe. Zamani Redio Tanzania ilisikika kila pori kwa sababu ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi hayo usiku yanapanda juu, yanagonga tabaka la anga lenye chaji ya umeme na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana babu alikuwa anaipata usiku vizuri kuliko mchana.

FM inakwenda karibu kama mwanga wa tochi, moja kwa moja. Dunia ikijikunja, wimbi linabaki juu na wewe uko chini. Ukiwa na mnara wa mita 50 kwenye ardhi tambarare, upeo wake ni kama kilomita 30. Mnara wa mita 100 unafika kama kilomita 40 na ushee. Ukiuweka mlimani unaongeza. Ukiongeza nguvu ya mtambo bila kuongeza urefu wa mnara, mara nyingi unaunguza umeme tu, wimbi halipindi.

Sasa toka mjini Tabora hadi Tura ni zaidi ya kilomita 100. Tabora mjini kuna redio zake, kama VOT na CG FM, lakini hesabu hiyo inakuonyesha kwamba mnara wa mjini peke yake, kwa urefu wa kawaida, haufiki huko. Inabidi kuwe na mtambo wa kupokea na kurusha tena njiani, au redio ianzishwe hukohuko. Hapo ndipo neno REDIO JAMII linapoingia.

REDIO JAMII ILIANZAJE KWETU

Utangazaji Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa muda mrefu bara ilikuwa ni hiyo tu. Wakubwa wanakumbuka matangazo ya vifo na kipindi cha Ugua Pole cha salamu kwa wagonjwa. Hebu jiulize, vipindi hivyo vilipendwa kwa nini? Kwa sababu vilikuwa vya mtu mmoja mmoja. Jina la ndugu yako linasomwa na nchi nzima, na jamaa aliyeko mbali anajua aanze safari.

Redio hiyohiyo ilifanya jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanaamua cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Siri yake ilikuwa nini? Redio ilianzisha mazungumzo, kikundi kikayamalizia. Kusikiliza peke yako unasahau. Mkikubaliana mbele ya majirani, kesho mtu atakuuliza choo kiko wapi.

Mwaka 1993 ikapitishwa sheria iliyofungua milango kwa redio binafsi, na Radio One ikaanza 1994. Lakini milango ilipofunguka, pesa zilikwenda mijini, kwenye matangazo ya biashara. Huko pembezoni walioanzisha walikuwa watu wenye sababu nyingine. Ngara, Radio Kwizera ilianza 1995 chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipojaa Kagera. Simanjiro, kule Terrat, Orkonerei ilianza 2002 kwa ajili ya wafugaji. Karagwe kuna FADECO inayojulikana kwa vipindi vya wakulima. Pangani nao wana yao, Micheweni kule Pemba nao wana yao.

Majirani nao wana historia yao. Kenya walifungua redio ya Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, serikali ikaifunga 1984. Redio ya kijijini ni kitu kidogo lakini wakubwa wanaiogopa haraka.

WENZETU WANAFANYAJE MSIMU MBAYA UKIFIKA

Kenya wamefanya kitu cha akili. Idara yao ya hali ya hewa ilisaidia kuanzisha redio ndogo sehemu zenye hatari. Kangema, nchi ya milima na maporomoko ya udongo, wana redio yao. Budalangi, ambako mto Nzoia unafurika karibu kila mara, wana Bulala FM. Yaani mtaalamu wa hali ya hewa na mtangazaji wako chini ya paa moja, hakuna mtu wa kati wa kufupisha taarifa.

Na Vihiga, kwa Wabunyore, kuna wazee wa ukoo wa Nganyi ambao tangu zamani wanasifika kwa kusoma dalili za mvua: miti inavyochanua, wadudu, upepo. Badala ya kuwadharau, wanasayansi walikaa nao. Kila upande unaleta utabiri wake, wanalinganisha, wanatoa kauli moja ambayo jamii inaielewa na kuiamini. Unyamwezi nako dalili za mvua zipo, waulize wazee. Sisemi mzee ashinde satelaiti. Ila taarifa ambayo mkulima haiamini haina faida, hata ikiwa sahihi.

Twende mbali kidogo, Ayalandi. Wale shida yao ni majira ya baridi: dhoruba za bahari ya Atlantiki, barafu barabarani, giza saa 11 jioni. Vijiji vya magharibi vinakatika. Redio zao za mikoani zinasoma nini? Zinasoma matangazo ya vifo kila siku, shule zilizofungwa, barabara zenye barafu, mechi zilizoahirishwa. Yaani ni yaleyale! Tarehe 24 Januari 2025 dhoruba iliyopewa jina Éowyn ilipiga kwa upepo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, rekodi ya nchi hiyo. Nyumba na biashara kama 768,000 zikakosa umeme, na simu na intaneti zikakatika sehemu nyingi. Nchi tajiri, ya Ulaya. Mtu mwenye redio ya betri au redio ya gari ndiye aliyebaki na njia ya kupata habari.

Somo ni hili: mnara wa simu unataka umeme, na kila simu inataka chaji. Redio ndogo ya betri mbili inakwenda wiki nzima. Msimu mbaya ukifika, kifaa kinachokula umeme kidogo ndicho kinachobaki.

KIPINDI KIZURI CHA MASIKA KINA NINI NDANI

Kwa maoni yangu dakika 15 zinatosha, asubuhi kabla watu hawajaenda shamba na jioni wakisharudi. Ndani yake:

1. Mvua ya jana. Kijiji gani ilinyesha, kiasi gani. Shule ikiwa na kipimo cha mvua na mwalimu akapiga simu, redio inapata ramani ya wilaya bila gharama.

2. Utabiri wa TMA wa leo na siku zinazofuata, kwa maneno kamili, rangi ya tahadhari ikitajwa na kuelezwa. Na anatajwa nani katoa taarifa, saa ngapi.

3. Njia na mabonde. Wapi panapitika, wapi hapapitiki, kwa majina ambayo wenyeji wanayatumia.

4. Treni na mabasi. Imetoka wapi, imekwama wapi.

5. Shamba. Bwana shamba au bibi shamba, swali moja la msikilizaji, jibu moja.

6. Misiba, wagonjwa, waliopotea, mifugo iliyopotea.

Msiba nauweka hapo makusudi. Nani anasikiliza utabiri wa mvua kila siku? Wachache. Nani anasikiliza matangazo ya vifo? Kila mtu! Ukiweka mvua katikati ya habari ambazo watu hawakubali kuzikosa, mvua nayo inasikika.

MATATIZO, TUSIDANGANYANE

La kwanza ni pesa. Redio jamii haitakiwi kuwa ya faida, lakini leseni ya TCRA inalipiwa, umeme unalipiwa, mtambo ukiungua na radi (na masika radi zipo) unalipiwa. Watangazaji wengi ni wa kujitolea. Mfadhili akiondoka, redio inakohoa. Ndipo anapotokea mwanasiasa au mganga wa tangazo la dawa ya kila ugonjwa, na kipindi cha mvua kinapewa yeye.

La pili ni uvumi. Simu moja ya msikilizaji anayesema "bwawa limepasuka" inaweza kukimbiza kijiji kizima usiku. Redio ndogo inahitaji kanuni ngumu: habari ya hatari haisomwi mpaka watu wawili walioko pale wathibitishe, na mmoja awe kiongozi au mwalimu. Na ikikosewa, isahihishwe saa hiyohiyo, kwa sauti ileile.

La tatu ni lugha. Kwa utaratibu wa nchi yetu redio inatangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, labda uwe na kibali maalum. Kiswahili kinaeleweka Tura, sawa. Lakini bibi wa miaka 80 anaelewa zaidi akiambiwa kwa Kinyamwezi, na majina ya udongo, ya upepo na ya aina za mvua mengi yako kwenye lugha hiyo. Mtangazaji mwerevu anaongea Kiswahili huku akitumia majina ya wenyeji, na hakuna anayemgombeza kwa kulitaja bonde kwa jina lake.

La nne ni nani ameshika redio. Nyumba nyingi redio ni ya baba, na baba akiondoka anaondoka nayo. Anayepalilia shambani kwa saa nyingi mara nyingi ni mama. Ndiyo maana vile vikundi vya mwaka 1973 vilikuwa na maana: redio moja, watu wengi, wanaume kwa wanawake.

SASA SISI TULIOKO KAFE TUNAINGIAJE?

Hapa naongea na wewe unayesoma hii huku saa yako inahesabika. Taarifa kamili ya msimu ya TMA ipo kwenye tovuti yao, kurasa kadhaa, bure. Nyumbani kwenu wanaweza wasiwe na bando la kuifungua. Wewe unaweza. Isome, tafuta sehemu ya mkoa wenu na mikoa ya jirani, andika mistari mitano: mvua inaanza wiki gani, inaisha wiki gani, jumla ikoje, ukavu unatarajiwa lini, nini kimeshauriwa. Piga chapa nakala mbili. Moja ipande basi kwenda kwa mwalimu au mtendaji wa kijiji, moja ipeleke kwenye redio iliyo karibu na kwenu. Au rekodi kwa sauti yako utume kwenye kundi la familia. Gharama yake haifiki hata soda.

Ila usiongeze chumvi. Kama taarifa imesema "uwezekano", wewe sema uwezekano, usiseme "itanyesha". Mtu atapanda au hatapanda kwa neno lako, na mbegu ni pesa yake.

Na kama kwenu kuna redio ndogo, wapigie simu uwape habari ya bonde lenu, uwaulize kwa nini kipindi cha mvua kimepewa mganga. Redio ya jirani inaharibika polepole wasikilizaji wakinyamaza.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu masika yakianza mnapata wapi habari za njia na mvua? Ni redio gani inayosoma, na nani anayesoma vizuri? Wa Tura, Malongwe, Nyahua, Goweko na Igalula naomba msipite kimya, semeni FM gani inashika vizuri huko na saa ngapi. Wengine watafaidika.